Sheria za Visu za Bi Wilda

Wilda Trammell alianza kuuza visu kwa sababu mumewe hakujua kuuza kitu chochote. Doyle, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kumwambia mteja ukweli kabla mteja hajauliza: hiki kinashika kutu, hiki mpini wake utalegea kabla ya Krismasi. Mwaka wa tatu wa ndoa yao akapelekwa nyuma ya duka kubeba magunia ya pumba, na Wilda akakaa kaunta. Amekaa pale miaka thelathini na minane, na Doyle amekwisha kuzikwa.

Duka lao la chakula cha mifugo liko Tolbert, upande wa Texas. Nasema upande kwa sababu Tolbert imepasuliwa katikati na barabara kuu, na ng'ambo ya barabara ni New Mexico. Kanisa, benki na duka la Wilda viko Texas. Mkahawa, mnada wa ng'ombe na fundi wa matairi viko New Mexico. Watu huvuka mara tatu, mara nne kwa siku bila kufikiri, isipokuwa yule mwenye kitu mfukoni ambacho jimbo moja halina neno nacho na jingine halitaki hata kukiona.

Hapo ndipo Wilda alipopatia sifa zake. Kwenye kaunta ana kabati la kioo lenye visu vya kila namna: vya kukunja, vya kuchunia paa, vya kukatia kamba za marobota ya nyasi, na safu moja ya visu vya springi, vile vya kubonyeza kitufe makali yakachomoka yenyewe. Mtu akiinama kuvitazama, Wilda haanzi na bei. Anaanza na sheria.

"Unakaa wapi, bwana? Hapa hapa Texas? Basi chukua unachotaka. Ila kikizidi inchi tano na nusu usiingie nacho shule, wala hospitali, wala baa."

"Na nikienda kwa mwanangu California?"

"Hicho cha springi kiache nyumbani. Kule kikifika inchi mbili tu umekwisha."

Wazee wanaokunywa kahawa ya bure karibu na jiko la duka, wakiongozwa na Burl Hatcher, ambaye sijawahi kumwona akinunua zaidi ya pakiti ya misumari, wakambatiza jina la Wakili. "Muulize Wakili," wanasema. "Wakili, nikioa mke wa pili Oklahoma, sheria inaniruhusu kubeba kisu cha kujilinda?" Wilda anawaambia wanyamaze au walipie kahawa. Lakini jina lilimkaa vizuri moyoni. Hakumaliza shule ya sekondari, na ndugu zake wote waliosoma walimkumbusha hilo kila Krismasi. Kuitwa Wakili, hata kwa mzaha, na hata na Burl, kulimfurahisha kuliko alivyokubali kuonyesha.

Sheria aliyoipenda kuliko zote ilikuwa moja ya taifa zima, ya zamani, inayokataza visu vya springi kusafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo. Ndani yake mna mlango mdogo: mtu mwenye mkono mmoja anaweza kuwa na kisu cha namna hiyo, mradi makali yasizidi inchi tatu. Ukifikiri kidogo unaona busara yake, maana kisu cha kawaida cha kukunja kinataka mikono miwili, au meno. Wilda alikuwa akiwasimulia wateja habari hiyo na kuwatazama wanavyoshangaa. Na kila alipoisimulia alimfikiria Eliseo Archuleta.

Eliseo ni mfugaji wa upande wa New Mexico, ana ng'ombe arobaini na shamba la upepo na mawe. Mkono wake wa kushoto ulikwenda na mashine ya kufunga marobota, miaka kumi na tisa iliyopita, na aliyeufunga kwa mkanda wa suruali damu isiishe alikuwa Doyle. Tangu siku hiyo Eliseo alikuwa mtu wa nyumbani kwao. Doyle alipofariki, Eliseo ndiye aliyekuja kurekebisha paa la duka, kwa mkono mmoja, na Wilda chini akimpigia kelele ateremke. Kamba za marobota alikuwa akizikata kwa kisu anachokifungua kwa meno. Jino moja la mbele lilikuwa limekwisha kukatika kona.

Kwa hiyo Novemba, Eliseo alipotimiza miaka sitini, Wilda akachagua kwenye kabati kisu cha springi, kizuri, mpini wa pembe, makali inchi mbili na robo tatu; alikipima mara mbili. Akakipeleka kwa fundi akachonga herufi E.A. pembeni. Asubuhi ya Jumamosi wakakutana mkahawani kama kawaida yao, kula mayai na pilipili ya kijani, na Wilda akakisukuma mezani kikiwa ndani ya soksi mpya.

Eliseo akakitoa, akabonyeza, makali yakaruka. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Dada, hiki si ndicho wanachokamatia watu?"

"Wanakamata wenye mikono miwili. Wewe sheria ya taifa inakutaja. Mkono mmoja, inchi tatu kushuka chini. Popote utakapokwenda."

"Una hakika? Unajua mimi na hakimu hatupendani."

Alikuwa anasema kweli. Miaka kadhaa nyuma, kwenye dansi baada ya mashindano ya kupanda mafahali, Eliseo alimvunja mtu taya kwa ule mkono aliobakiwa nao, na hakimu wa wilaya alimwambia wasionane tena.

"Eliseo, nani anajua sheria za visu mji huu, mimi au wewe?"

"Wewe, Wakili."

"Basi nipe senti yangu."

Huku kwetu kisu hakitolewi bure. Anayepewa lazima atoe hata senti moja, iwe kama amekinunua, la sivyo kisu kitakata urafiki. Hakuna anayeamini, na hakuna anayethubutu kuacha. Eliseo akageuza mifuko yake yote kwa mkono mmoja, akakosa, akaiazima kwa mhudumu, na mkahawa mzima ukapiga makofi.

Miezi miwili kila kitu kilikuwa salama. Kisha Januari, siku ya Jumanne, posta ikaleta kijitabu kipya cha sheria za visu, jimbo kwa jimbo, ambacho msambazaji wa visu huwapelekea wenye maduka. Wilda alikuwa akivisoma vijitabu hivyo jinsi wengine wanavyosoma habari za mpira. Akajimiminia kahawa, akafungua ukurasa wa New Mexico, ambao siku zote aliupita haraka kwa kuwa aliona anaujua.

Kisu cha springi: marufuku kuwa nacho, kukionyesha, kukiuza, kukiazima, kukitoa zawadi. Hakuna msamaha kwa mtu mwenye mkono mmoja. Chini yake maelezo kwa herufi ndogo: msamaha wa sheria ya taifa unahusu sheria ya taifa peke yake, na haumkingi mtu na sheria ya jimbo lake.

Akasoma mara tatu. Kahawa ikapoa. Kwa miaka yote ile alikuwa ameshika kipande cha sheria na kukiona ndiyo sheria nzima. Na neno lile la zawadi lilimtazama. Alikuwa amekitoa kisu ng'ambo ya barabara, mbele ya mkahawa mzima.

Sasa, kosa kama hilo linamtokea mtu yeyote. Angenyanyua simu siku ile ile akasema, Eliseo, nimekosea, kirudishe, mambo yangeishia hapo na kicheko kidogo. Hata mkono wake uliigusa simu. Lakini akaanza kuyasikia yatakayosemwa pale karibu na jiko la duka, Burl akisimulia mpaka mnadani kwamba Wakili ameshindwa kesi, na akaona afadhali amwambie Eliseo uso kwa uso, akija.

Eliseo alikuja Alhamisi. Alitaka mawe mawili ya chumvi ya kulambwa na ng'ombe. Akasimama kaunta, kisu kimening'inia kwa kibano chake kwenye mfuko wa suruali, wazi kabisa. Burl na wenzake wawili walikuwa wamekaa palepale.

"Mbona umenyamaza, dada?" Eliseo akauliza. "Una nini?"

"Kichwa tu kinauma."

"Wakili anatunga hukumu," akasema Burl.

Wote wakacheka, na Wilda akacheka nao, akaandika risiti ya chumvi. Eliseo akabeba jiwe moja, akarudi akabeba la pili, akamwambia anywe dawa na akalale mapema. Gari lake likavuka barabara. Wilda akajiambia atampigia jioni. Jioni akajiambia kesho. Aibu ina tabia hiyo, kila siku unayoiahirisha inaongezeka, mpaka kilichokuwa kosa la kusoma vibaya kinakuwa kitu kingine kabisa chenye jina baya zaidi. Kufikia Jumatatu alikuwa amekwisha kujishawishi kwamba hakuna askari wa kumsumbua mzee mwenye mkono mmoja.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, askari kijana alimsimamisha Eliseo kwa sababu ya taa ya nyuma iliyoungua. Akaona kibano mfukoni, akauliza ni nini. Na Eliseo, kwa fahari, akakitoa na kukibonyeza.

"Mimi naruhusiwa," akamwambia. "Angalia mkono."

Jioni hiyo hiyo akampigia Wilda simu.

"Sikiliza, dada. Wamenipa barua ya mahakama. Nitasema nimekiokota."

"Eliseo, ngoja..."

"Wewe ngoja. Nimesomewa karatasi. Anayetoa naye ana kosa. Wewe hukujua, ulifanya kwa wema, na mimi Doyle angefufuka anipige makofi kama ningekuingiza humo. Kwa hiyo usiseme neno. Umenisikia?"

Wilda alikuwa na sentensi mdomoni, fupi, ya maneno machache tu. Akasema, "Nimekusikia."

Baada ya hapo hakulala vizuri. Alijichukia, na nadhani alikuwa na haki ya kujichukia. Aliwaza kwamba anaogopa mahakama, kisha akawaza zaidi akaona si mahakama. Faini angelipa. Alichoogopa ni Eliseo kujua habari ya ile Alhamisi.

Kesi ikapangwa mwisho wa Februari, wakati mbaya kuliko yote, ng'ombe wa Eliseo wakiwa wameanza kuzaa. Adhabu ya kosa lile inafika miezi sita jela. Mtu anayeishi peke yake akikaa ndani miezi sita majira ya kuzaa, akitoka anakuta ua tupu, na kwa umri wa Eliseo hapo ndipo ufugaji ungeishia. Mnadani walikuwa wamekwisha kumuuliza, kwa upole tu, kama angependa kuwauza wote mapema.

Mahakama ya wilaya ni chumba kimoja chenye viti vya chuma. Hakimu alikuwa yule yule, mama Baca, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa mwalimu na bado anawatazama watu kama hawakufanya kazi ya nyumbani. Burl alikuja pia, na wenzake. Waliokuwa wanakunywa kahawa ya bure Texas wakaja kutazama sinema ya bure New Mexico. Wilda akakaa safu ya nyuma.

Askari akaeleza. Hakimu akakiinua kisu ndani ya mfuko wa plastiki.

"Bwana Archuleta. Kimetoka wapi?"

"Nilikiokota, Mheshimiwa. Karibu na mizani ya mnada."

Hakimu akavaa miwani.

"Umeokota kisu chenye herufi za jina lako?"

Burl akashindwa kujizuia, akacheka kwa pua. Masikio ya Eliseo yakawa mekundu. Huyu ni mtu asiyejua kudanganya hata kidogo, na uongo wake wa kwanza wa maana alikuwa amekwenda kuusema mahali pabaya.

"Bahati tu, Mheshimiwa."

"Miaka ile ulinivumilisha mengi, lakini hukunidanganya. Nitauliza mara moja tena, na ukinidanganya sitakuwa na huruma. Nani alikupa kisu hiki?"

Eliseo akaangalia sakafu. "Nilikiokota."

Hakimu akachukua kalamu. "Basi sina njia nyingine. Jela, muda wa miezi..."

"Mimi," akasema Wilda.

Alikuwa amesimama bila kujua ameinukaje. Eliseo akageuka akamtikisia kichwa, kwa nguvu, kaa chini, kaa chini.

"Wewe ni nani, mama?"

"Wilda Trammell. Mimi nilimpa. Nina duka ng'ambo ya barabara."

"Subiri. Nikuonye kwanza. Kukitoa ni kosa pia katika jimbo hili. Unaweza kunyamaza, na hakuna atakayekulazimisha. Ukiendelea, unajifunga mwenyewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa. Naijua hiyo sheria."

"Ulimpa au ulimuuzia?"

"Kwa senti moja. Ili urafiki usikatike."

Hata hakimu alikaribia kutabasamu. Naye ni mtu wa huku. "Na ulipompa, ulijua ni kosa?"

"Sikujua. Nilimwambia sheria ya mwenye mkono mmoja inamlinda kila mahali. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika."

Chumba kikalegea. Eliseo akashusha pumzi. Hakimu akaweka kalamu chini, na ilionekana wazi anakokwenda: wazee wawili waliokosea, onyo, kila mtu kwao. Wilda angeweza kukaa.

"Na lini ulijua?" hakimu akauliza, kwa utaratibu tu, akigeuza karatasi.

"Siku kumi na moja kabla hajakamatwa."

Karatasi ikasimama. "Ulimwambia?"

"Hapana."

"Hukupata nafasi?"

Swali lilikuwa la huruma, na jibu lake lilikuwa limekwisha kuandaliwa ndani yake; ilibaki kuitika tu. Wilda akamtazama Eliseo, ambaye bado alikuwa amegeuka, mdomo wazi kidogo, lile jino lililokatika likionekana.

"Nafasi nilipata. Alikuja dukani, akasimama mbele yangu, kisu kiko mfukoni. Nilimuuzia chumvi. Watu walikuwepo na niliona aibu kusema nimekosea. Wananiita Wakili, Mheshimiwa. Ndiyo sababu. Sina nyingine."

Hakuna aliyecheka, hata Burl, ambaye alianza kuzitazama buti zake. Hakimu akavua miwani. Kisha akasema kwamba Bwana Archuleta alipotoshwa na mtu aliyemwamini, japo naye ameidanganya mahakama. Kisu kitaharibiwa, na kesi itafutwa akikaa miezi mitatu bila kosa. Aende akawaangalie ng'ombe wake. Bibi Trammell atapewa barua yake ya kuitwa kabla hajatoka mlangoni.

Wilda akapewa barua. Akatoka nayo hadi kwenye baraza, akamkuta Eliseo akihangaika kuvaa koti.

"Siku ile ya chumvi," akasema Eliseo.

"Ndiyo."

"Nilikuuliza una nini."

"Uliniuliza."

"Nilikaa wiki tatu nikijizoeza ule uongo, Wilda. Kwenye gari. Naongea peke yangu kama kichaa." Hakumwita dada. "Ningekwenda jela. Ningewauza ng'ombe, ningekaa miezi sita, na nisingejuta hata siku moja. Kwa sababu nilidhani namlinda mtu ambaye hakujua."

Wilda akasema samahani. Ilitoka ndogo, na aliona ilivyo ndogo. Eliseo akaitika kwa kichwa, kama mtu anayepokea risiti. Wilda akanyoosha mikono amsaidie kufunga zipu ya koti, maana upepo ulikuwa mkali na zipu inataka mikono miwili. Eliseo akarudi nyuma hatua moja.

"Acha," akasema, si kwa hasira. "Kuna ndama anakuja vibaya, nimemwacha mama yake amesimama tangu asubuhi."

Akateremka ngazi, akaenda kwenye gari lake koti likiwa wazi.